Koo la Livingstone na Sauti za Njia ya Misafara

Kwihara iko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora. Pana tembe pale, nyumba ya udongo yenye kuta nene, iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho, na mgeni anayefika huonyeshwa alipokaa David Livingstone. Yeye na Henry Morton Stanley waliingia hapo tarehe 18 Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley aliondoka kuelekea pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki akiwangoja wapagazi alioahidiwa, na hakuondoka hadi tarehe 25 Agosti. Habari za homa zake zinajulikana, na za kuhara damu, na za mkono uliotafunwa na simba. Koo lake halina msimulizi, ingawa lilimtesa miaka ya uhubiri wake na lilikwisha kupitiwa na kisu.

Kisu hicho kilipita Cape Town mwaka 1852. Livingstone alikuwa amehubiri miaka kadhaa nje, juani na kwenye vumbi, huko Kolobeng katika nchi ambayo leo ni Botswana. Koo likawa linauma, na kusema mbele ya watu kukawa adhabu. Yeye mwenyewe alisomea udaktari Glasgow, kwa hiyo hakuwa mtu wa kudanganywa na mganga wa njiani. Hata hivyo, alipofika Cape Town alikubali kukatwa kimeo.

Ndiyo, kimeo: kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho mpaka leo katika vijiji vingi vya Tanzania mtoto akikohoa siku nyingi bibi atasema kimerefuka, apelekwe kwa fundi akakatwe. Tumezoea kuambiwa kwamba huo ni ujinga wa kwetu peke yetu. Kumbe katikati ya karne ya 19 madaktari wenye shahada na kofia ndefu waliwakata vimeo wachungaji wa makanisa, kwa hoja ileile ya bibi: kimerefuka, kinagusa koo, kinaleta kikohozi na kupoteza sauti. Maradhi yenyewe yaliitwa koo la wachungaji, maana waliougua sana walikuwa watu wa mimbarini. Waliopona kisu walikutana na dawa ya kuunguza. Huko New York daktari Horace Green alijipatia jina miaka ya 1840 kwa kuingiza kooni sifongo iliyochovywa katika maji ya nitrati ya fedha. Wengine waliambiwa wapande meli, wale hewa ya bahari. Ushauri huo wa mwisho huenda ndio uliowafaa zaidi, kwa kuwa baharini hakuna wa kumhubiria.

Kosa la wote lilikuwa moja. Walitibu mahali walipopaona. Kimeo kinaonekana mtu akifungua kinywa. Mahali sauti inapozaliwa hapaonekani. Sauti hutoka chini zaidi, ndani ya zoloto, sehemu ile inayopanda na kushuka shingoni mtu anapomeza. Humo mna nyuzi mbili za nyama laini, urefu wake hauzidi sana sentimita 2 kwa mwanamume, na ni mfupi zaidi kwa mwanamke. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni inazisukuma, zinafunguka na kugongana tena, zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume anayezungumza kawaida, karibu mara 200 kwa mwanamke. Livingstone alikatwa kimeo chake bila mtu yeyote kuwahi kuziona nyuzi hizo zikifanya kazi ndani ya mtu aliye hai na kuzieleza vizuri.

Miaka miwili baadaye zilionekana, na hazikuonwa na daktari. Manuel García alikuwa mwalimu wa uimbaji, mtoto wa ukoo wa waimbaji wa Kihispania. Septemba 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo chenye mkono mrefu, cha madaktari wa meno, akakiingiza kinywani mwake mpaka nyuma ya koo, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, na akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata habari hizo zilisomwa mbele ya Royal Society, London. Madaktari Ludwig Türck na Johann Czermak waliichukua mbinu hiyo mwaka 1857 na 1858, wakaigeuza kuwa kazi ya hospitali.

Mwaka huohuo wa 1857, tarehe 7 Novemba, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, kituo cha wafanyabiashara Waarabu ambacho ndicho kilichokua kuwa Tabora. Walikuwa wameacha pwani mwishoni mwa Juni. Tunaweza sasa kuisikiliza njia waliyopita.

Njia ya misafara ilikuwa mahali pa kelele. Burton aliandika mengi juu yake, na mengi yana dharau, lakini sikio alikuwa nalo. Mbele alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mara nyingi Mnyamwezi, amevaa kitambaa chekundu na manyoya kichwani, bendera mkononi au kwa msaidizi wake. Nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Ngoma ilipigwa. Pembe ya tandala, barghumu, ililia kuwaita waliolegea. Asubuhi palikuwa na makelele ya kuamshana, jioni ya kugawana kambi, na katikati nyimbo. Kirangozi alitoa, umati ukapokea.

Ukitazama mpango huo kwa jicho la mtu anayeshughulika na sauti, unaona jambo ambalo Burton hakuliona. Safari ya wiki nyingi kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, nchi ya Tabora, pamoja na vumbi la Ugogo na siku za kiu katika nyika ya Mgunda Mkali, ingemwacha bubu kiongozi yeyote ambaye angetaka kuiendesha kwa kupaza sauti. Kirangozi hakupaza. Amri ya kwenda mbali aliipa pembe na ngoma. Wimbo aliugawa: yeye mstari mfupi, watu mia kibwagizo, na wakati wao wanapokea, koo lake linapumzika. Sidai kwamba mtu alikaa chini akabuni hayo kwa ajili ya afya ya zoloto. Ninasema tu kwamba kazi iliyofanywa na watu wengi kwa miaka mingi hujipatia namna ya kufanyika bila kumuua mfanyaji.

Waliokosa namna hiyo walikuwa wakubwa wa msafara. Kila mahali pa kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, pana shauri, na shauri ni maneno, siku mbili, siku tatu. Burton alimsemesha mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, Bombay akakitia Kiswahili, na mara nyingine mtu wa tatu akakipeleka kwa lugha ya wenyeji. Mnyororo huo wa vinywa ulikatika vibaya katika Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Speke aliingiwa na mdudu sikioni, akamchokoa kwa kisu, akabaki na jipu na uziwi upande mmoja. Burton alipatwa na vidonda vya ulimi hata hakuweza kutamka vizuri, na hali hiyo ilimkuta Uvira, pale hasa alipohitaji kuulizia Mto Rusizi unaelekea wapi. Mmoja hasikii, mwingine hasemi, nao wametoka Uingereza kuja kuuliza habari. Shida ya Burton ilikuwa ya ulimi, si ya nyuzi za sauti, lakini alijifunza kwa uchungu kwamba katika nchi ya mashauri aliyenyang'anywa usemi amenyang'anywa mamlaka.

Kuna mtu mmoja wa njia hiyo aliyekuwa na mamlaka makubwa kwa sauti ndogo. Mtyela Kasanda, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mirambo, aliunganisha watemi wa Unyamwezi magharibi kwa vita na kwa akili, na mwaka 1871 aliifunga njia kati ya Tabora na Ujiji. Stanley alipigana naye mwaka huo akiwa upande wa Waarabu, na akakimbia pamoja nao. Walipokutana ana kwa ana, Aprili 1876, Stanley alitarajia jambazi mwenye makelele. Alimkuta mtu mrefu wa miaka kama 35, mpole, anayesema taratibu na kwa sauti laini. Walichanjiana damu, wakawa ndugu. Yeyote anayeamini kwamba ukubwa lazima ungurume ana la kujifunza kwa mtemi huyo.

Mwaka 1879 daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alifika Urambo, makao ya Mirambo, na kukaa karibu na mtemi. Lakini Southon alipigwa risasi kwa ajali mwaka 1882, akafa kwa jeraha hilo. Mirambo aliugua baada ya hapo. Ugonjwa wake ulikuwa wa koo, na waandishi wa baadaye wameuita saratani. Alikufa tarehe 2 Desemba 1884, na dola aliyoijenga haikumudu kusimama muda mrefu bila yeye.

Tusiseme kwa haraka kwamba angepona angekuwa Ulaya. Historia yenyewe imetuwekea jibu. Januari 1887 mrithi wa taji la Ujerumani, Friedrich, alipwewa na sauti. Madaktari wa Berlin walimwona na kinundu kwenye uzi wa sauti, wakajaribu kukichoma kwa waya wa moto. Mwezi Mei aliitwa Morell Mackenzie kutoka London, bingwa wa koo aliyejulikana kuliko wote, mwanafunzi wa Czermak. Alikata kipande, akampa Rudolf Virchow akitazame kwa hadubini, na Virchow hakuona saratani. Novemba, huko San Remo, Italia, ilijulikana kwamba saratani ipo. Tarehe 9 Februari 1888 mgonjwa alitobolewa shingo ili apate kupumua. Mwezi mmoja baadaye baba yake alikufa, naye akawa Kaizari asiye na sauti, akiandika amri zake kwenye vikaratasi. Alitawala siku 99.

Katika siku hizo 99, tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Wajerumani pwani ya bara, na Bagamoyo, mlango wa njia ya misafara, ilikuwa ndani ya mkataba huo. Mtemi wa upande wa juu wa njia amekufa kwa koo. Mfalme wa dola inayokuja kuimeza njia hiyo anakufa kwa koo. Na kioo cha García kilikuwepo wakati wote. Kuona kulikuwa kumekuja, tiba bado.

Saratani ni kazi ya upasuaji na mionzi, wala hakuna mazoezi yanayoiondoa. Nimeisimulia kwa sababu ndiyo hofu ya kwanza ambayo daktari lazima aiondoe. Lakini wengi wanaopwewa na sauti hawana saratani. Wana nyuzi zilizochoka, zilizovimba, au zinazotumiwa vibaya, na kwao njia ilifunguka polepole kupitia watu ambao hawakuwa wapasuaji.

Vita vya kwanza vya dunia vilisukuma jambo hilo. Vilifika hata Tabora: tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur yaliingia mjini. Miaka hiyohiyo hospitali za Ulaya zilipokea askari waliotoka mahandakini wakiwa hawana sauti kabisa. Ukiwatazama kwa kioo, zoloto zima. Ukiwaambia wakohoe, wanakohoa kwa sauti. London, Lewis Yealland aliwapitishia umeme kooni mpaka walie, akahesabu kilio kuwa uponyaji. Ni ukatili ambao leo tunausoma kwa aibu. Hata hivyo, wengine waligundua kwamba kikohozi chenyewe ndicho mlango: mtu anayeweza kukohoa au kucheka kwa sauti ana nyuzi zinazokutana, na kutoka kwenye kikohozi anaweza kusogezwa kwenye mguno, kutoka mguno kwenye silabi, kutoka silabi kwenye jina lake. Hivyo ndivyo mtaalamu wa sauti anavyofanya mpaka leo mbele ya mtu aliyepoteza sauti baada ya msiba au mshtuko, ila bila umeme.

Miaka ya 1930 Svend Smith wa Denmark alianza kufundisha sauti kwa mdundo. Mgonjwa anavuta pumzi tumboni, anayumbisha mwili, na anatoa sauti fupi zenye mkazo akifuata ngoma inayopigwa na mwalimu, kwanza polepole, kisha haraka zaidi. Aliyeieneza mbinu hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1995 ni Mwafrika, daktari Nasser Kotby wa Chuo Kikuu cha Ain Shams, Cairo. Waliowahi kusikia msafara wa Wanyamwezi ukitembea wangeielewa bila kufafanuliwa.

Uingereza iliwakusanya wataalamu wake wa usemi katika chuo kimoja cha taaluma mwaka 1945, na mwaka 1948 mlezi wake alikuwa Mfalme George VI, yule aliyefunzwa na Lionel Logue kushindana na kigugumizi. Huyo ndiye aliyekuwa juu ya Tanganyika wakati huo. Kigugumizi ni suala jingine na tiba yake ni nyingine, lakini taaluma ni hiyohiyo. Makoloni hayakuipata. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha wataalamu wa usemi na lugha mwaka 2008. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto viziwi mwaka 2017, kazi isiyokamilika bila mtu wa kumfundisha mtoto kusema, na chuo kikuu cha afya hapohapo, MUHAS, sasa kina shahada ya usikivu na usemi. Kati ya kimeo cha Livingstone na shahada hiyo imepita zaidi ya karne moja na nusu.

Sasa turudi Tabora, kwa kuwa sauti za njia ile hazikwisha, zilihamia darasani. Reli ya kati ilifika mjini mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya wapagazi, na barghumu likanyamaza. Mwaka 1922 Waingereza walifungua shule ya serikali ya wavulana, iliyokusudiwa kwanza kwa watoto wa machifu. Shule ya wasichana ikafuata. Julius Nyerere alisoma ile ya wavulana tangu 1937, akarudi mjini kufundisha shule ya St. Mary's miaka ya 1940, na Januari 1958 aliugeuza mkutano wa chama cha TANU hapohapo Tabora kwa hotuba, mpaka wajumbe waliokuja kuukataa mpango wa uchaguzi wa kura tatu wakaukubali. Mji wa shule ni mji wa walimu, na katika nchi nyingi zilizochunguzwa mwalimu yumo katika watu wanaoongoza kwa maradhi ya sauti, pamoja na wahubiri, waimbaji na wapiga debe.

Hesabu yake ni rahisi. Nyuzi za mwalimu wa kike zinagongana karibu mara 200 kwa sekunde. Saa mbili za sauti halisi, ukitoa vituo vyote vya kupumua na kuandika ubaoni, ni zaidi ya mara milioni moja. Akipaza juu ya darasa lenye watoto wengi na bati linalopigwa na mvua, kila mgongano ni mkali zaidi. Wapagazi wa zamani walijulikana kwa sugu za mabegani, mahali mti wa mzigo unapolalia. Vinundu vya nyuzi za sauti ni sugu hizohizo, vinaota viwili vikitazamana, pale mgongano unapokuwa mkubwa kuliko penginepo. Vikiota, nyuzi hazifungi sawasawa, pumzi inavuja, sauti inakuwa ya mikwaruzo. Mwalimu anaongeza nguvu ili asikike, na kwa kuongeza nguvu anavikuza.

Duara hilo ndilo tiba ya sauti inalolikata. Kwanza daktari wa masikio, pua na koo anatazama, siku hizi kwa kamera nyembamba inayopita puani. Kisha mtaalamu wa sauti anasikiliza na kuuliza: unasema saa ngapi, unakunywa maji kiasi gani, unakohoakohoa kusafisha koo mara ngapi, usiku kiungulia kinakupanda? Anampa mgonjwa kushika "aa" kwa pumzi moja na kuhesabu sekunde; mtu mzima mwenye afya hufika 15 au zaidi. Anashika shingo na kuona misuli ilivyokaza.

Mazoezi yenyewe humfanya mgeni acheke. Mgonjwa anapewa glasi ya maji na mrija, anaambiwa apulize mapovu huku akitoa sauti. Haionekani kama dawa. Lakini mrija mwembamba unarudisha kani ya hewa nyuma kidogo mpaka zoloto, na kani hiyo inaziachanisha nyuzi kiasi kwamba zinagongana kwa wepesi. Sauti inatoka bila kupigana. Baada ya siku kadhaa anaambiwa: "Haya mwalimu, sasa vuma, mmm, usikie mtetemo kwenye midomo na pua, usiwe kooni." Kutoka hapo anapita kwenye maneno, na hapa Kiswahili kina bahati, kwa kuwa kimejaa maneno yanayoanza kwa kuvuma: mama, maembe, mwezi, nyumba, ng'ombe. Kisha sentensi, kisha kusoma, kisha somo zima la darasa la nne. Kwa mtu anayefanya mazoezi kila siku, wiki sita hadi nane hutosha mara nyingi kuleta nafuu ya kweli, na vinundu vingi vilivyo laini hupungua au huisha bila kisu. Ndiyo maana wapasuaji wenye busara huanza na tiba hii. Ukikata kinundu ukaacha tabia, kinarudi.

Si walimu peke yao. Mwenye rovu aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo anaweza kujeruhiwa mshipa wa fahamu unaopita hapo, na uzi mmoja ukalala. Mazoezi humsaidia kuutumia ule mzima ili sauti ishike. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson husema kwa sauti inayofifia huku mwenyewe akidhani anasema kawaida. Kwake ipo mbinu iliyoanzia Arizona mwaka 1987, inayoitwa kwa jina la mgonjwa mmoja, Lee Silverman: vikao 16 katika wiki nne, na agizo karibu moja tu, kwamba apaze. Yaani dawa ya mmoja ni kunyamaza na dawa ya mwingine ni kupiga kelele, na ndiyo sababu mtu asijitibu kwa kusikia habari za jirani.

Tabora ina asali, na kila mtu wa Tabora atakuambia asali na tangawizi hurudisha sauti. Sina ugomvi na asali ya miombo. Inatuliza koo, inapunguza kikohozi. Ila kinachomezwa hupita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti, ambazo ziko kwenye njia ya hewa. Kikizigusa, mtu anapaliwa. Kinachozifikia moja kwa moja ni hewa yenyewe, pamoja na mvuke na moshi. Maji huzifikia kwa kuzunguka mwili mzima kwanza, ndiyo maana hunywewa mapema na mara kwa mara, si wakati sauti imekwisha kukauka. Na kunong'ona kwa nguvu si kupumzisha sauti, kwani wengi wakinong'ona huikaza misuli zaidi.

Wataalamu wa kazi hii bado ni wachache nchini, na wengi wako Dar es Salaam. Mgonjwa wa Urambo au Sikonge ataanzia kituo cha afya, apelekwe hospitali ya mkoa ya Kitete, na pengine aandikiwe kwenda Bugando, Mwanza, au Muhimbili. Ni safari ndefu kwa ajili ya mrija na glasi ya maji, na mkoa wenye walimu wengi namna hii una haki ya kuwa na mtaalamu wake. Halmashauri zinazotenga fedha za mafunzo ya walimu zingeweza kuanza na jambo dogo: kila chuo cha ualimu kimfundishe mwalimu kutumia sauti yake kabla ya kumkabidhi darasa, na kila darasa liwe na kengele au ngoma ya kuita utulivu.

Nawe msomaji, sauti yako ikipwea na isirudi kwa wiki tatu, usingoje wiki ya nne. Nenda ukatazamwe koo, na uende mapema zaidi ukiwa mvutaji wa sigara, ukishindwa kumeza au ukikohoa damu. Na mtoto wako akikohoa, mpeleke hospitali, usimpeleke kukatwa kimeo.